Vuli Isiyokuwa Vuli: Juu ya Kazi za Mikono za Watoto wa Nyakiyumbu

Katika muhula wa tatu, ambao nchini Uganda huanza mwezi wa Septemba, tulipata nafasi ya kuingia katika darasa moja la shule ya msingi huko Nyakiyumbu, si mbali na Bwera, katika Wilaya ya Kasese. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa ya manila iliyojaa majani yaliyokatwa kwa mkasi na kupakwa rangi nyekundu, manjano na kahawia. Juu yake paliandikwa kwa Kiswahili safi: “Kazi zetu za vuli.” Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na maharage yaliyopandwa majuma machache nyuma yalikuwa yametoa majani yake ya kwanza. Shule hiyo hatutaitaja, maana kosa tulilolikuta humo si lake peke yake. Limo katika vitabu na vielelezo ambavyo walimu wengi, nasi tukiwamo, tumevitumia pasipo kuvihakiki.

Na tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha. Kwa watu wa pwani, vuli ni mvua ndogo zinyeshazo baina ya Oktoba na Desemba. Ni wakati wa jembe na mbegu. Watafsiri walipokutana na majira yale ya Ulaya ambayo miti hupukutisha majani, baadhi yao waliandika “vuli”, maana miezi inakaribiana. Miezi inakaribiana, lakini mambo yanapingana: huku mbegu inaota, kule jani linakufa. Nyakiyumbu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mchana wake hukaribia saa kumi na mbili mwaka mzima. Hakuna mti wa huko unaoarifiwa na ufupi wa siku kwamba baridi yaja. Mtoto aliyeambiwa kwamba vuli ni majani mekundu yaangukayo amefundishwa uongo mara mbili, mara moja juu ya Ulaya na mara ya pili juu ya shamba la mama yake.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba kazi hizi zifutwe kwa sababu ni za kigeni. Tukizitazama kule zilikotoka, tunaona kuwa zina fani na maudhui pamoja. Mtoto wa Uingereza huokota jani njiani, hulibana katikati ya kitabu, hulipaka rangi na kulichapa juu ya karatasi. Kisha, akiwa na mwalimu mzuri, huuliza ule ujani umekwenda wapi. Jibu lake ni zuri kama jani lenyewe. Siku zikifupika na baridi ikikaribia, mti huacha kutengeneza umbijani, yaani ile dutu ya kijani inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Umbijani ukivunjika, rangi ya manjano iliyokuwamo siku zote hutokeza; nyekundu, katika miti mingi, hutengenezwa upya siku za mwisho. Kumbe kazi ile ya mkono ni sayansi iliyovaa nguo ya sanaa. Ilipovuka bahari, nguo ilifika bila ya mwili.

Mwalimu wa darasa lile, ambaye kwa bidii yake tunampongeza, alikuwa amesikia mara nyingi wito wa kutumia vifaa vya mahali. Kwa hiyo baadhi ya majani alikuwa ameyakata katika magamba makavu ya mgomba badala ya karatasi. Umbo lakini halikubadilika: lilikuwa ni lile jani la ncha nyingi lililo katika bendera ya Kanada. Yafaa tuseme wazi kwamba kifaa cha mahali hakiokoi somo ambalo fikira yake imeazimwa. Tulipomwuliza mtoto mmoja, mwenye umri wa miaka minane hivi, kwamba hilo ni jani gani, alilitazama kidogo akajibu, “Sombe.” Darasa likacheka. Mwalimu akamsahihisha kwa upole, “La, hilo ni jani la vuli.”

Sombe, ambayo pwani huitwa kisamvu, ni majani ya muhogo, na kwa kadiri ya maarifa yake mtoto yule alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Aliona jani lililogawanyika kama vidole, akalinganisha na analolijua. Lau angeulizwa swali la pili, yaani kwa nini jani la muhogo liwe na manjano, tungefika mahali ambapo sanaa na sayansi hukutana kwa haki, tena mahali penye njaa na shibe. Jani la chini la muhogo huweza kuwa manjano kwa uzee tu, nalo huanguka bila kumdhuru mtu. Lakini jani changa lenye mabaka ya manjano na kijani, lililojikunja, ni dalili ya batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe na kwa kupanda pingili zilizokwisha kuambukizwa. Ndio ugonjwa ulioharibu mihogo ya Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Vivyo hivyo kwa mgomba: jani kuukuu hukauka lenyewe, bali mgomba ulioshikwa na mnyauko wa bakteria, uliotambuliwa Uganda mwaka 2001, hugeuza majani yake kuwa manjano na kuyalegeza wakati ndizi zinaiva kabla ya siku zake. Panga lisilosafishwa huuhamisha ugonjwa huo kutoka shina hadi shina (basi mwalimu asiwatume watoto kukata majani ya migomba ovyo).

Mtoto anayetakiwa kuchora majani matatu ya muhogo, lililozeeka, zima na gonjwa, kila baka mahali pake, hana budi kutazama. Hapo rangi haiwi pambo tena. Akiikosea, mchoro wake unasema uongo ambao mama yake angeutambua mara moja.

Wala njia nyingine hazikosekani. Majani mabichi yakitwangwa na kulowekwa katika spiriti, mbali na moto, kisha ukanda wa karatasi ya kuchujia ukachovywa ncha, rangi hupanda na kuachana: kijani huku, manjano kule. Hilo ndilo fumbo lote la majira ya Ulaya, na limo katika jani lolote la Nyakiyumbu. Karatasi iliyopakwa bizari ya manjano hugeuka rangi ya damu ya mzee ikichorwa kwa maji ya majivu, na tone la ndimu huirudisha. Na wilaya ambayo ina Ziwa Katwe, ambako maji ya chumvi huachwa yakauke juani katika vidimbwi, haina haja ya kuagiza chochote ili mtoto achore kwa maji ya chumvi juu ya karatasi nyeusi na kungoja fuwele zitokeze.

Haya si mageni. Katikati ya miaka ya 1960 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki Mpango wa Sayansi ya Shule za Msingi Afrika, ambao vijitabu vyake vilihusu kutengeneza rangi, wino na karatasi, na kujenga kwa nyasi. Eleanor Duckworth, alipoutathmini nchini Kenya, hakuwapa watoto mtihani. Aliweka vitu mezani, akawaacha, akatazama watafanya nini. Waliopitia mpango huo walifanya mambo mengi zaidi na yenye utata zaidi kuliko wenzao. Dosari moja ya vijitabu vile, kwa maoni yetu, ni kuandikwa kwa Kiingereza. Vitenzi vya kazi ile, kutwanga, kuloweka, kuchuja, kukamua, kuanika, vilibaki jikoni na havikuingia darasani. Somo la Kiswahili lingaliweza kuvipokea. Na hata leo laweza, hasa hapa mpakani ambapo mtoto husikia Kiswahili sokoni Mpondwe kabla ya kukisoma kitabuni.

Tunajua jibu la walimu wenzetu: mtihani wa kumaliza shule ya msingi una Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, na kazi ya mikono haina alama. Ni kweli. Lakini karatasi ya Sayansi huuliza juu ya umbijani, na watoto wengi huandika neno hilo kwa Kiingereza bila kuwahi kuuona ukitoka katika jani.

Tuliporudi darasani mle jioni kuchukua mwavuli tuliousahau, karatasi ya manila ilikuwa bado ukutani. Chini ya jani moja la gamba la mgomba mtu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo sana: sombe.