Nati moja ya katikati: shokapu za Corolla 110 zikibadilishwa nyumbani

Shokapu haibebi gari. Uzito wote umelala juu ya springi, na shokapu ipo kuituliza springi isiendelee kunesa ikishapigwa na shimo. Ndani yake mna pistoni inayolazimisha oili ipite kwenye vitundu vyembamba vya vali. Nguvu ya mtikisiko inageuka joto na kutokea kwenye bomba. Kwa hiyo shokapu ikifa, gari halishuki. Linanesanesa baada ya kila tuta, linainama pua breki ikikanyagwa, na tairi linaanza kulika mabonde mabonde ambayo ukipitisha kiganja unayahisi. Ile desturi ya kubonyeza kona ya gari na kutazama linavyorudi hukamata shokapu iliyokwisha kabisa tu. Inayovuja taratibu, bomba limelowa oili iliyoshika vumbi, hupita mtihani huo bila shida.

Nazungumzia Corolla 110, gari ambalo Toyota ilianza kuliuza mwaka 1995 na ambalo bado limejaa barabarani Tanzania na Kenya. Mbele limetumia mtindo unaobeba jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson: shokapu inasimama katikati ya springi, na hiyo hiyo ndiyo mhimili ambao gurudumu linazungukia usukani ukikatwa. Hapo ndipo kazi inapoachana na ya shokapu za nyuma za Hilux. Kule unafungua bolti ya juu na ya chini, unatoa, unarudisha. Hapa huwezi kuigusa shokapu bila kuigusa springi, na springi imebanwa muda wote, hata gari likiwa limenyanyuliwa na tairi linaning'inia.

Kutoa mguu mzima, yaani shokapu pamoja na springi yake, kwenye gari hakuhitaji ufundi mkubwa, kunahitaji subira. Tulinyanyua mbele pande zote mbili na kuketisha gari kwenye stendi, kamwe si kwenye jeki peke yake. Paipu ya breki ikafunguliwa kishikio chake ili isivutwe. Zile bolti mbili nene za chini, zinazofunga mguu kwenye chuma cha habu, zilimwagiwa mafuta ya kutu tangu jioni ya jana yake, maana kwenye gari la umri huu zimeshaganda. Kabla hazijalegezwa tulichora mstari wa rangi kuonyesha mguu ulivyokaa. Matundu yake yana nafasi kidogo, na kidogo hicho kinatosha kulaza tairi ndani au nje. Bolti zikishatoka, habu inataka kudondokea nje na kuvuta drafshafti. Waya mmoja wa kuifunga pembeni unaokoa jointi ya ndani. Mwisho ni nati tatu ndogo chini ya boneti, mkono mmoja ukiushika mguu usianguke.

Nati ya nne, iliyo katikati ya hizo tatu, haiguswi. Ndiyo peke yake inayoizuia springi isifyatuke. Nimeona gereji ambako inafunguliwa springi ikiwa imefungwa kwa waya, au watu wawili wakiikandamiza kwa uzito wao, na sikubaliani na kazi hiyo hata kidogo: springi ya gari ikimpiga mtu usoni inaua. Vibanio vya springi vinakodishwa na hata vinaazimwa. Vinawekwa viwili, vikitazamana, kila kimoja kikishika mizunguko mingi ya springi kadiri inavyowezekana, na vinakazwa kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, springi isipinde. Unajua umefika pale springi inapochezacheza kwenye kikalio chake cha chini. Hapo, na si kabla, ndipo nati ya katikati inafunguliwa, uso ukiwa pembeni.

Shokapu ya zamani ikishalala chini, mwenye gari hutaka kuingiza mpya na kumaliza. Hapa ndipo pesa inapopotea. Kwenye gari hili mpira wa kugotea ulikuwa umesagika kuwa unga, soksi ya vumbi imechanika, na maunti ya juu ukiizungusha inakwaruza. Shokapu mpya chini ya vitu hivyo haidumu: vumbi linakwangua fimbo, fimbo iliyokwaruzwa inakata sili, oili inatoka. Kwa sababu hiyo hiyo fimbo haishikwi kwa koleo wakati wa kukaza. Shokapu za mtumba za Japani sizipendekezi hata zikionekana safi, kwa kuwa sili yake ina umri wa gari ilikotoka. Zile zinazotobolewa, kujazwa oili na kuchomelewa ndizo mbaya zaidi.

Shokapu mpya iliyolazwa dukani huwa na hewa kwenye silinda ya ndani. Isimamishe wima, isukume na kuivuta mara kadhaa hadi ile sehemu legevu ya mwanzo ipotee. Kisha springi: ncha yake ya chini lazima ikae kwenye ngazi iliyokatwa kwa ajili yake, la sivyo itajisogeza yenyewe barabarani na kugonga.

Wapo wanaopachika raba katikati ya springi ili gari lipae juu ya matuta. Za gari hili tuliziondoa. Raba inaizuia mizunguko inayoishika isifanye kazi, springi inakuwa ngumu, na shokapu inalazimika kutuliza nguvu ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Anayehitaji urefu anunue springi ndefu kidogo pamoja na shokapu zinazolingana nazo.

Nyuma kazi ni ile ile, ila nati za juu zinatafutwa ndani ya gari, nyuma ya kiti. Shokapu zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli. Upande mmoja ukiwa mpya na wa pili mchovu, gari linavuta kwenye kona na linapofunga breki ghafla.

Ule mstari wa rangi unakufikisha kwenye mashine ya alaimenti tu. Hauchukui nafasi yake, kwa sababu mguu mpya hautobolewi sawasawa na wa zamani. Siku chache baadaye nati za magurudumu zilikazwa tena kwa kipimo cha 103 Nm, na bolti za chini zikakaguliwa kama alama zake hazijasogea.