Mita Tatu za Tezi: L. T. C. Rolt na Tamasha la Mifereji

Narrow Boat, kitabu cha L. T. C. Rolt kilichochapishwa Uingereza mwezi wa Disemba 1944, husomwa na wengi kama kitabu cha safari. Kukisoma hivyo ni kukipunja. Rolt, aliyekuwa fundi mitambo, hakwenda kuizuru mifereji, alihamia humo. Mwaka 1939 aliigeuza Cressy, mashua ya kale ya mizigo, kuwa nyumba yenye vitabu, jiko na hata hodhi la kuogea, akaondoka Banbury mwezi wa Julai pamoja na mkewe Angela, vita vikiwa mlangoni.

Mashua za aina hiyo hufikia urefu wa mita 21, lakini upana wake ni mita 2 na kidogo tu, maana ndivyo yalivyojengwa malango ya maji ya kuzipandishia na kuziteremshia. Wembamba huo umeingia katika nathari ya Rolt. Mwendo wake ni wa mtu atembeaye kwa miguu. Jicho halirukii mbali, linakaa juu ya kamba, kana, shaba iliyosuguliwa, na yale maua ya waridi na ngome ambayo watu wa mashua waliyachora hata juu ya ndoo zao. Hapo fani na maudhui vimeshikana barabara.

Ila watu wenyewe wanaonekana zaidi kuliko wanavyosikika. Rolt anawasifu kama masalio ya Uingereza ya kale, na sifa hiyo imewaziba midomo. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika; hawakuwa na kitabu cha kumjibu. Cressy nzima ilikuwa makazi ya watu wawili. Katika mashua ya kazi, jamaa nzima ililala katika chumba cha tezi cha mita 3 hivi, na kwingine kote ilikaa shehena. Tofauti hiyo, iliyo kubwa kuliko zote, kitabu hakiipi uzito unaostahili.

Hata hivyo kilifanya kazi ambayo vitabu vichache hufanya. Robert Aickman alikisoma, akamwendea Rolt huko Tardebigge mwaka 1945, na mwaka uliofuata ikaundwa Inland Waterways Association, jumuiya ya kuitetea mifereji. Mwezi wa Agosti 1950 jumuiya hiyo ilifanya tamasha lake kubwa la kwanza, Market Harborough, likakusanya mashua zaidi ya 100. Rolt aliambiwa asihudhurie. Alihudhuria, tena ndani ya nyumba yake.

Ugomvi haukuwa wa hasira za watu wawili tu. Aickman alitaka kila mfereji uokolewe. Rolt alitaka nguvu ziende kwanza kule ambako shehena ilikuwa bado ikipita. Mapema 1951 alifukuzwa katika jumuiya, na mwaka huohuo maisha yake ndani ya Cressy yakakoma. Landscape with Canals, wasifu wake wa miaka hiyo, ulitoka 1977, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Nathari yake ni kavu zaidi, yenye uchungu kidogo, na kwa baadhi ya kurasa ni bora kuliko ile iliyompatia jina.

Aickman alishinda, na bila ya ushindi wake mifereji mingi ingefukiwa. Leo maelfu ya watu wanaishi ndani ya mashua, na matamasha yangaliko. Lakini shirika la serikali liliacha karibu shughuli zake zote za uchukuzi kwa mashua hizo mwaka 1963, na mwaka 1970 ukafika mwisho mkataba wa kupeleka makaa ya mawe kwenye kiwanda cha jamu cha Southall, safari ndefu ya mwisho ya kawaida. Msomaji wa Unguja aliyewahi kuutazama mtepe ulioshonwa upya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib hatahitaji kuelezwa chombo huwaje kinapobaki bila ya mzigo.

Anayetaka kuijua mashua ileile kutoka upande wa shehena na aweke kando ya Rolt kitabu cha Susan Woolfitt, Idle Women, cha mwaka 1947. Woolfitt ni miongoni mwa wanawake waliochukua mizigo mifereji hiyohiyo wakati wa vita. Kwake yeye mashua ni nzito.