Zamu ya Foleni na Siri ya Ufunguo: Uhakiki wa Kiwango cha G.984.3

Kiwango cha G.984.3, kilichotolewa mara ya kwanza na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) mwaka 2004, ni msingi wa mitandao mingi ya nyuzi za mwanga iingiayo majumbani na maofisini. Sifa yake kuu ni kubana gharama: uzi mmoja hugawanywa kwa kigawanya mwanga kisichohitaji umeme, na wateja 32 au 64 hushirikiana gigabiti 2.488 kwa sekunde za kushuka na 1.244 za kupanda. Uhakiki huu unadai kwamba nafuu hiyo imesimama juu ya dhana moja isiyotetewa vya kutosha, yaani kwamba kila kifaa cha mteja ni kiaminifu.

Dhana hiyo huonekana kwanza katika ugawaji wa kipimo data. Kila mikrosekunde 125 kituo kikuu hutangaza zamu za kurusha data, na huweza kuzipanga kwa kufuata ripoti za foleni zinazotumwa na vifaa vyenyewe. Kifaa kinachotia chumvi ripoti yake huweza kujipatia ziada isiyo haki yake. Ni kweli kwamba kikomo cha juu cha kila mteja hupunguza madhara hayo. Hata hivyo, hakikizuii kifaa kinachowasha leza nje ya zamu na kuvuruga wote waliomo katika uzi huo, iwe nyumba, zahanati au mahakama.

Dhana iyo hiyo hujirudia katika usalama. Data ya kushuka humfikia kila mteja, hivyo huweza kusimbwa kwa AES ya biti 128. Lakini ufunguo huundwa na kifaa cha mteja na kupandishwa ukiwa wazi, kwa hoja kwamba jirani haioni nuru inayopanda. Kiungio kibovu huweza kuakisi sehemu ya nuru hiyo hadi matawi mengine, na anayeufikia uzi mkuu hahitaji hata mwakisiko.

Kiwango cha G.987.3 cha mwaka 2010 kilianzisha njia ya kuulinda ufunguo. Hata hivyo, katika utaratibu wake wa msingi, kinga hiyo hutegemea usiri wa kitambulisho cha usajili cha mteja.

Kwa hiyo, zabuni ya umma inayotaja kasi pekee haitoshi. Idai pia usimbaji uliowashwa, ufunguo uliolindwa, na uwezo wa kukibaini na kukizima kifaa kinachovunja zamu.