Utubora Aliacha Kazi, Shaaban Hakuacha

Rafiki yangu alinipa Utubora Mkulima wiki aliyoacha kazi. Alikuwa afisa mikopo. Sasa anafuga kuku Kibaha. "Soma kwanza, halafu uandike barua," aliniambia. Barua nilikuwa nimeshaiandika. Imo kwenye simu yangu tangu Januari. Nina shahada ya Kiswahili, na kazi yangu ni kujaza nyaraka za kontena za watu kwa wakala mmoja wa forodha, bandarini Dar es Salaam.

Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya Shaaban Robert kufariki. Utubora ni karani wa mfanyabiashara Ahmed, Unguja. Siku moja anaamua kuacha kazi akalime Busutamu. Hajafukuzwa, hadai mshahara. Anataka maisha mengine, basi. Kurasa za kuaga ndizo nilizozipenda zaidi, maana ingekuwa rahisi kumsukuma karani nje kwa mateso, nasi wasomaji tukapiga makofi. Shaaban hakutupa urahisi huo.

Lakini nilipofika katikati nilianza kugombana na kitabu. Wakati Utubora anaaga hana mke wala mtoto. Hakuna anayehesabu siku akingoja mshahara wake. Na shamba linampokea upesi mno. Jina lake lenyewe, utu bora, linatuonya kwamba tumewekewa mfano wa kuigwa, na mfano wa kuigwa haupigiwi simu na mhasibu wa shule.

Hapo nikataka kujua mwandishi mwenyewe aliacha kazi lini. Hakuacha. Alimaliza shule Dar es Salaam mwaka 1926 akaingia ukarani wa forodha (ndiyo, forodha, nami nilicheka), akakaa humo hadi 1944. Akahamishiwa Mpwapwa. Mwaka 1946 akarudi Tanga, ofisi ya wilaya, kisha ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 akiwa bado mwajiriwa wa serikali. Mtu aliyetuandikia riwaya ya karani anayeondoka alikuwa karani kwa zaidi ya miaka 30.

Nikaenda kwenye Maisha Yangu nikitafuta maelezo. Utoto wake haumo, na siku ya kuchagua kazi haimo pia. Nilipokisoma chuoni niliandika pembeni kwamba hiyo ni kasoro: tawasifu gani haituambii mtu alivyokuja kuwa alivyo? Sasa naona nilikuwa nikimdai kitu ambacho huenda hakikuwapo. Serikali ya kikoloni ilisomesha Waafrika wachache, na wengi wao iliwataka kwa ukarani na ualimu. Kijana wa miaka 17 hakuulizwa ndoto yake.

Kilichomo kitabuni ni mambo mengine: ndoa, kifo cha mkewe Amina, watoto waliobaki mikononi mwake, safari ndefu ya uhamisho kwenda Mpwapwa. Zimo pia tenzi mbili alizowatungia watoto, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Ukivisoma vitabu viwili pamoja, Utubora anabadilika. Mimi simwoni tena kama mwongozo. Namwona kama likizo ambayo baba mwenye watoto wawili na barua ya uhamisho mfukoni alijiandikia mwenyewe.

Wapo wanaomsifu Shaaban kwa subira hiyo, na walimu wetu walitusimulia hivyo. Mimi inanichoma. Siwezi kuacha kujiuliza ni vitabu vingapi vilibaki kwenye madaftari ya forodha. Wakati huohuo siwezi kumwambia angeacha. Rafiki yangu wa kuku ana mume mwenye ajira. Hilo hakulitaja aliponipa kitabu, na sidhani kama alinificha. Hakuliona tu, kama riwaya isivyoliona.

Barua bado ipo kwenye simu. Nimebadilisha tarehe mara tatu.

Juzi mdogo wangu, ambaye ada yake ya bweni nailipa mimi, alipiga simu. Yuko kidato cha nne na wanajaza fomu za kuchagua tahasusi. Baba anataka PCB. Yeye anapenda HKL. Aliniuliza kama HKL ina kazi. Nikamwambia ipo. Akaniuliza, kazi gani? Nilikuwa kwenye foleni ya geti la bandari, malori yanapiga honi. Nilimwambia nitampigia jioni.