Ibada Katika Chumba cha Giza

Filamu tuliyoichagua ni fupi, dakika 25 tu, na haina damu wala mazimwi. Ilionyeshwa Marekani mwezi Oktoba 1959 katika mfululizo wa televisheni The Twilight Zone. Inaitwa The Sixteen-Millimeter Shrine, na neno la mwisho katika jina hilo ndilo lililotuvuta: ni mahali palipotengwa kwa ajili ya ibada. Hatudhani mtunzi wake, Rod Serling, alilichagua ovyo.

Barbara Jean Trenton alikuwa nyota wa sinema wakati wa ujana wake. Sasa amejifungia nyumbani, mapazia yameshushwa mchana kweupe, pombe iko karibu, na projekta inazunguka. Anajitazama. Vitu vya ibada vimo vyote: giza, mwanga mmoja, sanamu mbele, na mtu aliyeketi kimya. Ila hapa mwenye kuabudu na mwenye kuabudiwa ni mtu yule yule. Kwetu sisi, hicho ndicho kinachotisha, hata kabla ya ajabu ya mwishoni.

Wakala wake, Danny Weiss, anampenda kwa dhati. Anamtafutia kazi, lakini studio inampa nafasi ya kuigiza kama mama, naye anaondoka amekasirika. Kisha Danny anamwita Jerry Hearndan, aliyeigiza naye zamani. Barbara anajipamba kumngojea kijana. Anayeingia ni mzee mwenye maduka makubwa ya vyakula huko Chicago. Hawezi kumvumilia. Kwake, Jerry wa kweli ni yule wa kwenye skrini.

Hapa tunagombana na Serling. Jerry amepewa dakika chache tu, na maduka yake yanatajwa kana kwamba ni anguko. Lakini katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekubali kuzeeka akaendelea kuwa na kazi, na watu, na kesho. Filamu inampita haraka mno. Ajabu ni kwamba Ida Lupino, aliyeigiza kama Barbara akiwa na miaka 41, alifanana zaidi na Jerry. Alikuwa amekwisha kuhamia nyuma ya kamera, akaongoza The Hitch-Hiker mwaka 1953. Na mwaka 1964 akawa mwanamke pekee kuongoza kipindi cha mfululizo huu wa awali.

Mwishoni Barbara anatoweka chumbani. Danny anawasha projekta na kumwona ndani ya filamu, akishuka ngazi katikati ya marafiki wa zamani. Anamsihi arudi. Barbara anarusha kitambaa chake, anageuka, na mkanda unakwisha. Danny anakiokota kitambaa kile sebuleni.

Wapo wanaouona mwisho huu kuwa faraja: maskini, amepata alichokitamani. Sisi ulitutia hofu. Tumezoea kuhubiri kwamba sanamu haisikii. Je, ikisikia? Ikikufungulia mlango? Ndani ya mkanda ule hakuna anayezeeka, lakini hakuna pia atakayemwambia Barbara neno jipya. Danny, aliyemgongea mlango siku zote, amebaki nje.

Tulipoitazama pamoja, mwenzetu mmoja aliyewahi kuongoza kwaya iliyojaza viwanja vya mikutano aliomba taa iwashwe kabla haijaisha. Alisema bado anazo kanda zake zote, na huzisikiliza usiku wakati nyumba imelala. Mmoja akamwuliza kwa nini hajawahi kutualika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema aliogopa tungesikia jinsi sauti yake ya sasa isivyofanana na ile. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwake watu sita. Redio yake ilitafuna kanda ya pili, tukatumia kalamu kuirudisha.