Jinsi Dvorak alivyopima kimbunga kwa picha

Kimbunga Hidaya kilipoisogelea Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, hakuna ndege iliyotumwa ndani yake kupima upepo. Wamarekani hufanya hivyo Atlantiki. Upande wetu wa Bahari ya Hindi hakuna utaratibu huo. Hapa nguvu ya kimbunga husomwa zaidi kwenye picha za satelaiti, kwa njia iliyoasisiwa miaka ya 1970 na Vernon Dvorak, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani.

Dvorak alianza na maumbo. Alifuatilia mawingu ya vimbunga siku hadi siku, akabaini kwamba vingi hukua kwa hatua zinazofanana. Akaunda ngazi ya namba T, kutoka 1 hadi 8, kwa nusu nusu. Mchambuzi huweka mchoro wa msokoto juu ya picha, akaangalia ukanda wa mawingu umezunguka kitovu kwa kiasi gani. Ukifika nusu, ni T2.5, upepo wa takriban kilomita 65 kwa saa. Ukikamilisha mzunguko, ni T4, takriban kilomita 120.

Jicho likishajitokeza, kinachosomwa ni joto. Toleo lake la 1984 lilitumia picha za infraredi, ambazo hupatikana hata usiku. Kadiri jicho linavyokuwa na joto na mawingu yanayolizunguka yanavyokuwa baridi, ndivyo kimbunga kinavyokuwa kikali: mawingu baridi yamepanda juu sana, na joto la jichoni hutokana na hewa inayoshuka.

Lakini ninachokithamini zaidi ni nidhamu yake. Picha ya leo hulinganishwa na ya saa 24 zilizopita. Kimbunga cha kawaida hupanda T moja kwa siku, na kanuni huzuia namba isiruke ovyo. Wingu la kutisha la saa mbili halimyumbishi mchambuzi. Gharama yake ipo: kimbunga kinachokua ghafla huweza kuitangulia namba yake, na hilo ni hatari kwa watu wa pwani.

Tena, uhusiano wa namba T na upepo ulijengwa kwa vipimo vya Atlantiki na Pasifiki. Huku kwetu, ushahidi wa kuuhakiki ni vipimo vya vituo vya pwani na visiwani, kuanzia Mafia na Mtwara hadi Cabo Delgado. Serikali zetu ziviongeze vituo hivyo, na zihakikishe vinaendelea kupima hata umeme ukikatika.