Istilahi za "Stadi za Maisha" na Kijana wa Mara

Yamekuwa mazoea siku hizi, kila ifunguliwapo semina ya vijana wa shule za sekondari katika Musoma, Bunda au Butiama, washiriki kugawiwa kitini chenye maneno mawili makubwa juu ya jalada lake: uongozi, na stadi za maisha. Shabaha ya mafunzo hayo ni njema, wala makala haya hayana ugomvi nayo. Kijana hufundishwa kujitambua, kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kusema mbele za watu na kukataa lile limdhurulo. Tunalotaka kulipima hapa ni lugha inayoyabeba mafunzo hayo. Maana lugha ni chombo, na chombo kikivuja shehena hailaumiwi, lakini haifiki.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa matumizi ya zamani, stadi ni mtu: fundi aliyebobea katika kazi yake. Neno hili lina udugu na ustadhi, na asili yake imetokea Uajemi kwa kupitia Kiarabu. Ujuzi alio nao mtu huyo ndio ustadi. Kwa hiyo mzee wa pwani aliyesikia kwa mara ya kwanza "stadi za maisha" alikuwa na haki ya kuuliza ni mafundi gani hao wanaosemwa. Lakini lugha imekwisha pita njia yake. Walimu wamelipokea neno, mitaala ya shule za msingi imekuwa na somo la Stadi za Kazi, na watoto wanasema "stadi ya kusoma" pasipo kusita. Kulirudisha neno nyuma ni kupigana na mkondo wa maji. Rai yetu ni kwamba stadi kwa maana ya ujuzi ikubaliwe, mradi mtafsiri asichanganye katika ukurasa mmoja stadi, ustadi, ujuzi na mbinu, kana kwamba ni kitu kimoja. Mbinu ni njia ya kutenda. Ujuzi ni kufahamu. Stadi ni kuweza kutenda kwa kuwa umekwisha jizoeza.

Tofauti hii si ya kimaneno tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake juu ya elimu hiyo shuleni katika miaka ya 1990, lilitaja stadi 10 za msingi, na zote ni za kutenda. Wala wazo hilo halikuwa geni kwetu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwezi Machi 1967, ilikwisha taka shule imwandae mtoto kwa maisha atakayoyaishi, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua juu ya shughuli za shule yao. Azimio la Musoma la Novemba 1974 nalo lilitaka kijana amalizaye sekondari aonje kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mfasiri wa vitini angeyasoma maandishi ya wakati huo, angekuta msamiati mwingi ulio tayari, uliokwisha zoeleka masikioni mwa watu wa Mara.

Sasa tuingie penye jeraha. Miongoni mwa stadi zinazofundishwa ni ile ya mtu kueleza haki yake na kukataa jambo, pasipo woga wala matusi. Vitini hulitafsiri wazo hili kwa maneno matatu: ushupavu, uthubutu na msimamo. Ushupavu ni neno lenye nyuso mbili. Mshupavu ni asiyetetereka, ndiyo. Lakini kushupaa ni kukakamaa, na mwenye kushupaza shingo ni mkaidi. Uthubutu nao una mwangwi wake: ni mtoto gani wa Kiswahili ambaye hajaambiwa "thubutu uone"? Neno ambalo nyumbani ni kitisho haliwezi kugeuka sifa shuleni kwa siku moja ya semina.

Na tukumbuke ni nani anayelitumia neno hilo, na wapi. Likizo ya Desemba huko Mara si mapumziko kwa kila msichana. Ndio msimu ambao katika baadhi ya koo wasichana hukeketwa, ijapokuwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeharimisha kumtenda hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Msichana wa kidato cha pili anayetoka shuleni Bunda na kurudi kwao anakwenda kusimama mbele ya baba, shangazi na bibi. Akisema, "Nimefundishwa ushupavu," amekwisha shindwa kesi kabla haijaanza, kwa kuwa wazee watasikia ukaidi. Akisema, "Baba, shikamoo, nina neno, na huu ndio msimamo wangu," amebakiza heshima na hajaacha lake. Kwa sababu hiyo tunapendekeza msimamo, au kwa urefu, stadi ya kusimamia haki kwa heshima. Ni maneno mengi, lakini hayamgeuki aliyetumwa nayo.

Jambo hili latupeleka kwenye istilahi nyingine inayogombaniwa. Baadhi ya maandishi bado husema "tohara ya wanawake." Tohara chanzo chake ni usafi, utakaso. Mwandishi alitumiapo neno hilo kwa wasichana, amekwisha kutoa hukumu: anayekataa ni mchafu. Ukeketaji, kwa upande mwingine, umetokana na kukeketa, yaani kukata kwa shida kwa chombo butu. Neno hili halifichi kisu. Wako wasemao kwamba ni kali mno, kwamba linawatukana wazee. Hoja yao ina uzito barazani, ambako mshauri lazima achague namna ya kuanza mazungumzo. Katika kitini cha mwanafunzi, na katika waraka wa serikali, hoja hiyo haisimami, maana istilahi huundwa ili ionyeshe kitu kilivyo.

Haki inatudai tusifu pia panapostahili. Neno rika lilipochaguliwa kwa ajili ya vijana wanaofundishana, lilichaguliwa vema, hasa kwa mkoa ambao Wakurya, Wazanaki na jirani zao wamezijenga jamii zao juu ya marika. Dosari imo katika kuliunganisha. "Elimu rika" ni elimu juu ya rika, au itolewayo na rika? Kiswahili kina viunganishi vyake. Tuvitumie: mafunzo ya rika kwa rika. Ama "mwezeshaji," neno hili limechoka. Katika ofisi zetu kuwezeshwa kumekwisha kuwa kupewa fedha, na anayeitwa mwezeshaji hutazamwa mfukoni. Mkufunzi yupo, kwa nini astaafishwe?

Na uongozi? Kuongoza kuna udugu na kuongoa na kuongoka: ni kumwonyesha mtu njia iliyonyoka. Vitini vingi humwonyesha kiongozi kama mtu wa juu, na mwanafunzi humfikiria kiranja mkuu aitaye majina kwenye paredi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha waonya viongozi juu ya majivuno na dharau. Onyo hilo lafaa litangulie katika somo la kwanza, kwani limo ndani ya neno lenyewe.

Hatimaye, mfasiri asisahau kwamba katika vijiji vingi vya Mara Kiswahili si lugha ya kwanza. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, semina huwa kwa Kiswahili, na nyumbani kijana husema Kijita, Kikurya, Kizanaki au Kijaluo. Istilahi husafiri safari mbili kabla ya kufika jikoni. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alianza maisha kwa Kizanaki. Alipofasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar na kuichapisha mwaka 1963, hakuona haya kuirudia na kuitoa upya mwaka 1969.

Wafasiri wa vitini nao warudie kazi zao. Kabla ya kupiga chapa, wamsomee rasimu msichana mmoja wa kidato cha pili na bibi yake, kisha wamwulize kila mmoja amesikia nini. Wakisikia mambo mawili, istilahi hiyo haijaiva.